Breki Zikiumia Mlimani: Ninavyokagua Baiskeli Baada ya Kuanguka

Mtu akianguka na baiskeli huku kwetu Gusii, akishajua kwamba mwili uko salama, jambo linalofuata ni breki. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Keroka na Nyamira unazidi kupanda. Barabara tambarare ni za kutafuta. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Breki dhaifu ambayo mtu wa tambarare za Kisumu angeivumilia hadi mwisho wa mwezi, hapa inaweza kukuua kabla hujafika chini ya mlima.

Masika iliyopita niliteleza kwenye kona nikiteremka kutoka Manga, mahali ambapo malori ya majani chai yamechimba mifereji. Baiskeli yangu, ya milimani na yenye breki za diski, iliangukia upande wa kulia. Mkono wa breki ya mbele ulipinda na diski ikaanza kukwaruza. Utaratibu nilioufuata siku hiyo ndio ninaoufuata kila mara, na ndio ninaotaka uujue.

Kwanza, usiondoke

Ondoa baiskeli barabarani, kisha jikague wewe mwenyewe: kichwa, mabega, viganja. Helmeti iliyogonga chini kwa nguvu haifai tena hata kama haionyeshi ufa. Usiguse diski kwa vidole. Baada ya mteremko mrefu huwa na moto wa kukuunguza, na mafuta ya ngozi huichafua.

Kisha tazama kama gurudumu limekaa sawa kwenye foku. Legeza kifungio chake, sukuma baiskeli chini ili ekseli iingie hadi mwisho, funga tena. Mara nyingi diski inayodhaniwa imepinda ni gurudumu tu lililohama. Na gurudumu likiwa limechomoka kabisa, usibonyeze breki ya mafuta: pistoni zitatoka na hazitarudi kirahisi.

Mkono wa breki

Ufute matope, uukague polepole, hasa karibu na pini unapozungukia. Mikono mingi ni ya alumini, na alumini iliyopinda haipendi kunyooshwa. Fundi akitaka kuigonga kwa nyundo, mkataze kwa heshima. Mkono uliopinda kidogo bila ufa utakufikisha nyumbani kwa mwendo wa pole. Wenye mstari mwembamba wa ufa, hata mdogo namna gani, hauendi popote.

Kuna kinga rahisi hapa: usikaze mno bolti inayoushika mkono huo kwenye usukani. Ukaze kiasi cha kutotikisika unapoendesha, lakini ukigongwa uzunguke badala ya kuvunjika.

Bonyeza na ushikilie

Bonyeza breki kwa nguvu zako zote na uishikilie huku ukihesabu hadi ishirini. Ikisimama imara, vizuri. Ikizama polepole kuelekea usukani, mafuta yanavuja: fuata paipu yote kwa kitambaa kikavu, kuanzia juu hadi kwenye kalipa inayozishika pedi, utaona unyevu. Ikiwa laini na kubonyea, hewa imeingia.

Sisi tumezoea kupindua baiskeli magurudumu juu tunapoziba pancha. Kwa breki za mafuta, mkao huo unaweza kuipeleka hewa iliyo kwenye tangi dogo la mkononi hadi ndani ya paipu. Kwa hiyo ukishaisimamisha, bonyeza breki mara kadhaa kabla ya kupanda, na kama haikazi, usipande.

Kwa breki za waya kazi ni nyepesi. Tafuta nyuzi zilizokatika pale waya unapoingia kwenye mkono, na mahali ambapo ganda lake limekunjika. Waya uliochanika haungwi, unabadilishwa. Ni kipuri cha bei ndogo, na mimi hubeba mmoja wa akiba siku zote.

Diski na pedi

Weka karatasi nyeupe nyuma ya kalipa, zungusha gurudumu, angalia kati ya pedi na diski. Ikikwaruza mzunguko mzima, kalipa ndiyo imehama: legeza bolti zake mbili, bonyeza breki, kisha uzikaze ukiwa bado umeibonyeza. Ikikwaruza sehemu moja tu, diski imepinda. Zungushia kitambaa safi kwenye spana ya kurekebisha, shika pale palipopinda, vuta kidogo sana, zungusha tena utazame. Diski ikiwa na ufa, au imelika hadi chini ya milimita 1.5, nunua nyingine.

Pedi zilizolowa mafuta hazina dawa. Diski yenyewe husafishwa kwa spiriti na kitambaa kisafi, si kwa petroli wala dawa ya kupuliza ya kulainisha mnyororo.

Hatari kubwa iko dukani

Mafundi wa soko la Daraja Mbili hapa Kisii wana mikono ya dhahabu, nami nawaheshimu. Wengine wamelelewa na baiskeli za Black Mamba zenye breki za fimbo, wengine na pikipiki za bodaboda. Lakini mafuta ya breki utakayoyapata haraka kwenye duka la vipuri ni ya DOT, ya pikipiki na magari. Breki za Shimano za baiskeli hutumia mafuta ya madini. Nyingi za SRAM na Avid hutumia DOT. Ukichanganya, mipira ya ndani huvimba na kuharibika, na breki inayoonekana nzima leo itakutupa kesho. Soma kifuniko cha tangi dogo la breki. Aina ya mafuta huandikwa hapo. Kama hayapo Kisii, agiza Nairobi, yaje na matatu. Kungoja siku mbili si hasara.

Jaribu kabla ya mlima

Tafuta uwanja tambarare, hata wa shule. Sukuma baiskeli ukitembea, bana breki ya mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka. Bana ya nyuma: gurudumu likwame na kuburutika. Kisha endesha polepole, simama, rudia. Pedi mpya zinahitaji kusimamishwa taratibu takriban mara ishirini kabla hazijashika vizuri. Ukimaliza, jaribu mteremko mfupi.

Na usishuke mlima kwa breki ya nyuma pekee. Ya mbele ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi ya kukusimamisha. Ndiyo maana siku ile ya Manga, mkono wa breki ya mbele ukiwa umepinda, nilisimamisha bodaboda, tukaifunga baiskeli nyuma, nikafika Kisii mzima.

Leo jioni, kabla hujaanguka, soma kile kifuniko cha breki yako na uandike aina ya mafuta kwenye kipande cha utepe wa gundi ubavuni mwa fremu, ili fundi yeyote aione. Na siku ukiwa na shaka juu ya mlima, shuka utembee.