Kiwanja cha Kwanza na Viwanja vya Utotoni

Mkazi wa Bariadi anayenunua kiwanja chake cha kwanza mara nyingi hutafuta kule alikokulia: uwanja wa rede na kombolela, ngitili alimochungia ndama, ukingo wa mto alikoogelea. Ni tamaa njema, ila maeneo hayo ndiyo yenye masharti mengi kisheria.

Ukingo wa mto unahitaji tahadhari kubwa zaidi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wakati wa kiangazi mto huwa mchanga mtupu, na ndio wakati muuzaji hupenda kuonyesha kiwanja. Wazee wa jirani waulizwe maji hufika wapi masika.

Uwanja wa michezo nao huenda umetengwa kuwa eneo la wazi katika mchoro wa mipangomiji, hata kama hauna goli wala kibao. Ngitili huweza kuwa ya ukoo au ya kijiji. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, hivyo sahihi ya ndugu mmoja haitoshi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe ofisi ya ardhi ya halmashauri imwonyeshe mchoro na ramani ya upimaji, kisha alinganishe na vigingi vilivyopo. Penye hati, upekuzi ufanyike kwa Msajili wa Hati. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa haubadilishi eneo la wazi kuwa kiwanja cha makazi.