Mshauri nasaha, malipo ya mteja yasitoboe siri yake

Umefungua ofisi yako ya ushauri nasaha kwa watu wazima. Chumba kimetulia, viti ni viwili, tishu ziko mezani na mlango ukifungwa sauti haitoki nje. Safi sana. Lakini kuna mlango mwingine ambao wengi husahau kuufunga, nao ni malipo.

Mteja akikulipa kwa simu, yeye hupata ujumbe na wewe unapata wako. Muamala huo pia unaingia kwenye taarifa za miamala, yake na yako, pamoja na jina, kiasi, tarehe na saa. Kwa muuza mboga hilo halina neno. Sasa fikiria mtu anayekuja kwako kila Jumanne jioni na hajamwambia yeyote nyumbani. Simu yake inashikwa pia na mumewe au watoto. Mwezi ujao anaomba mkopo kwa sacco na anaambiwa alete taarifa ya miamala ya miezi sita. Hapo karani atasoma kila kitu, hata alichokulipa wewe.

Somo la leo ni fupi: panga malipo yako ili yaseme kiasi tu, yasiseme shida ya mtu.

1. Fikiria jina kabla ya kusajili till

Jina la biashara ndilo mteja ataliona kwenye SMS. Ukijisajili kwa jina lenye maneno kama "uraibu", "ndoa" au "msongo wa mawazo", kila malipo yatatangaza kilichomleta mteja. Chagua jina la kawaida lililosajiliwa kihalali, lisilotaja tatizo. Na usimfiche mteja. Siku ya kwanza mwambie, "Ukilipa, jina litakalotokea ni hili." Akiona halimfai, mkubaliane njia nyingine mapema, hata kama ni pesa taslimu na risiti.

2. Kwenye paybill, tumia nambari ya mteja

Paybill humwomba anayelipa aandike nambari ya akaunti. Usimwambie mteja aandike "therapy" au jina lake kamili. Mpe nambari fupi, tuseme 0417, ambayo wewe unajua ni ya nani. Utatambua malipo yake haraka, na mtu mwingine akiisoma haitamwambia kitu.

3. Lipwa kabla ya kipindi kuanza

Hebu fikiria mtu ametoka kulia dakika kumi zilizopita, halafu unamwambia, "Ni elfu tatu, till ni hii." Inakera, na hata wewe utaona haya kuidai. Malipo yakifanyika mapema, tuseme siku moja kabla, mnaanza na kumaliza kipindi bila hesabu katikati. Andika pia sheria yako ya kuahirisha: mteja akuarifu saa ngapi kabla, na asipokuja bila taarifa pesa inakuwaje. Aisome na akubali kabla ya kulipa. Ukirudisha pesa, irudishe kupitia akaunti ya biashara. Ukituma kutoka kwa laini yako binafsi, jina lako linaingia kwenye simu ya mteja, na hesabu zako zinavurugika.

4. Thibitisha kwenye simu yako

SMS za uongo zipo, kwa hivyo usikubali malipo kwa kuangalia skrini ya mteja. Fungua akaunti yako na uone kama pesa imeingia. Kwa mshauri, hii ina faida ya pili: mteja hatalazimika kukuonyesha simu yenye jumbe zake nyingine. Kisha ficha maandishi ya arifa kwenye skrini yako, ili jina la mteja wa saa nne lisitokee mbele ya mteja wa saa tano. Kama una msaidizi mapokezi, apewe njia yake ya kuona malipo. PIN yako usimpe.

5. Anayelipa hanunui siri

Hili ndilo huwapa washauri wengi shida. Mama anamlipia kijana wake wa miaka 28. Kaka aliye Qatar anamlipia dada yake Kisumu. Halafu simu inalia: "Daktari, alikuja? Amesema nini?" Aliyelipa ana haki ya kujua pesa imefika. Yaliyosemwa ndani ni ya mteja, na hata kuja au kutokuja kwake hakufai kutajwa bila ruhusa yake. Jibu mapema kwa upole: "Nimepokea, asante. Mengine muulize mwenyewe."

6. Tenganisha hesabu na majina

Kwa ajili ya kodi, unatakiwa kutunza rekodi za biashara kwa miaka 5. Kwenye daftari la mapato andika tarehe, kiasi, nambari ya muamala na nambari ya mteja. Orodha inayoonyesha kwamba 0417 ni fulani iweke mahali pengine, chini ya kufuli. Hivyo mhasibu atafanya kazi yake bila kujua nani anakuja kwako.

Sheria nayo iko macho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa mwenyewe, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue. Simu ya kazi iliyoibwa bila kufungwa kwa PIN inaweza kukufikisha huko.

Jaribu leo

Chukua simu ya rafiki asiyeijua kazi yako. Lipa shilingi 10 kwa till au paybill yako, kisha mpe asome SMS. Muulize, "Unadhani nimelipia nini?" Akisema hajui, uko sawa. Akipatia, rudi hatua ya kwanza kabla mteja wako mwingine hajalipa.