SOMO LA MWEZI: PETE YA ASKOFU NA KITO CHAKE



Mwezi huu tumeombwa tuandike juu ya pete. Ombi limetokana na wachimbaji wadogo wa mtaa wetu, ambao walitaka kujua kama wanaweza kuchanga dhahabu na jiwe ili mtumishi wa Mungu atengenezewe pete. Nia hiyo ni njema, nasi hatupendi kumvunja moyo mtu anayetaka kutoa. Lakini katika mazungumzo yao likatoka neno jingine, nalo ndilo lililotushikisha kalamu. Wengine walisema kwamba jiwe la zambarau la askofu lina kinga, na kwamba mwenye kulipata la namna hiyo shimo lake halitabomoka. Hapo pana la kufundishana.

Tuanze na Maandiko. Farao alipomweka Yusufu juu ya nchi yote ya Misri, alivua pete mkononi mwake akamtia yeye (Mwanzo 41:42). Katika Esta 8:8 tunaona kazi ya pete ile: barua iliyotiwa muhuri kwa pete ya mfalme haikuweza kutanguliwa na mtu. Basi pete ya namna hii ilikuwa chombo cha kazi, kama muhuri wa ofisi ya kijiji siku hizi. Aliyeivaa hakuwa amejipamba. Alikuwa amekabidhiwa neno la mwingine alilinde. Na katika Luka 15:22 baba anaagiza mwanawe aliyepotea atiwe pete. Kijana yule hakuwa na kazi wala cheo, lakini alirudishiwa nafasi yake nyumbani.

Maaskofu wa kwanza walitumia pete kwa njia hiyo hiyo. Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa upande wa kaskazini, alitaja katika barua yake moja kwamba ameitia muhuri kwa pete yenye sura ya mtu aliyetazama kando. Baadaye pete ikawa alama ya daraja lenyewe. Mtaguso wa Toledo huko Hispania, mwaka 633, uliamuru kwamba askofu aliyeondolewa kwa makosa kisha akaonekana hana hatia, arudishiwe stola, pete na fimbo mbele ya madhabahu. Angalieni neno hilo “arudishiwe”. Kitu unachoweza kunyang'anywa na kurudishiwa na Kanisa si mali yako.

Sisi Waanglikana tulikaa muda mrefu bila kuijali sana. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kinamwagiza askofu mpya apewe Biblia, pete haitajwi. Ilirudi kwa nguvu katika karne ya 19. Ndiyo maana katika nchi yetu desturi hazikufanana. Kule Zanzibar na Masasi, walikohubiri wamisionari wa UMCA, mavazi na alama zilipewa nafasi kubwa. Huku kwetu, katika mapokeo ya CMS yaliyolea Dayosisi ya Western Tanganyika tangu mwaka 1966, chini ya Askofu Musa Kahurananga, na ambayo Dayosisi yetu ya Lake Rukwa iliyatoka nayo mwaka 2010, wazee wetu walipenda mambo yawe machache. Kwa hiyo asije mtu akasema askofu asiye na pete amepungukiwa.

Kasisi je? Kwa desturi ya Kanisa letu kasisi hana pete ya daraja. Anayo ya ndoa ikiwa ameoa, nayo yatosha. Anayetaka kumpa mchungaji wake zawadi amtazamie matairi ya pikipiki kwanza, hasa masika.

Sasa kito. Maaskofu wengi wa Magharibi wamechagua amethisto, jiwe la rangi ya tunda la zambarau. Limo katika kifuko cha kifuani cha Haruni (Kutoka 28:19), tena ni msingi wa kumi na mbili wa mji mtakatifu (Ufunuo 21:20). Jina lake ni la Kiyunani, maana yake “asiyelewa”. Wayunani wa kale waliamini kwamba mwenye kulivaa hashikwi na pombe. Hiyo ilikuwa hirizi, sawasawa na pete za bahati zinazotembezwa mikononi siku za mnada. Kanisa lilichukua ishara likaiacha hirizi: askofu hatakiwi kuwa mlevi, asema Paulo katika 1 Timotheo 3:3, na jiwe linamkumbusha. Linamkumbusha tu. Akinywa, atalewa nalo kidoleni.

Na wachimbaji wetu watashangaa kidogo kusikia jiwe hili ni la ukoo gani. Amethisto ni kwatzi, ndugu wa jiwe lile lile jeupe ambalo mnalipasua na kulipeleka kwenye karasha mkitafuta dhahabu. Chembe za chuma zilizomo ndani yake, pamoja na mionzi ya asili ya miamba, ndizo zilizolitia zambarau. Kama kwatzi ingezuia shimo lisibomoke, Mpanda nzima pasingekuwa na mjane wa machimbo, maana mashimo yetu yamejaa kwatzi. Kinachozuia ni magogo imara ya kuegemeza kuta, na kutoshuka wakati ardhi imelowa.

Zamani amethisto ilihesabiwa pamoja na vito vya thamani kubwa kabisa. Katika karne ya 19 ilipatikana kwa wingi sana Brazili na Uruguay, bei ikaanguka. Maaskofu hawakuiacha kwa sababu hiyo, nasi tunaona walifanya vema.

Wako wanaosema, kwa nini isiwe tanzanaiti, jiwe letu wenyewe, lililogunduliwa Mererani mwaka 1967? Ni zuri, na rangi yake ya buluu inakaribia zambarau. Lakini ni laini kuliko kwatzi, na vumbi letu la kiangazi limejaa chembe za kwatzi zinazolikwaruza. Pigo moja kwenye ukingo wa kisima cha ubatizo laweza kulipasua. Kwa herini ni sawa. Kwa pete ya kila siku hatulishauri. Amethisto nayo ina udhaifu wake: ikiachwa juani muda mrefu rangi hufifia, basi isilazwe dirishani.

Anayeagiza pete amwambie sonara akizungushie kito ukingo mzima badala ya kukishika kwa vijino, maana vijino hunasa kanzu na nguo za madhabahu. Pete huvaliwa kidole cha nne cha mkono wa kulia. Kipimo kichukuliwe kwenye kidole hicho hicho, tena alasiri, kwa kuwa vidole hutuna kwa joto. Dhahabu na jiwe vinunuliwe kwa stakabadhi katika masoko ya madini yaliyofunguliwa nchini kuanzia mwaka 2019. Zawadi ya Kanisa isiyeyushwe kwa dhahabu iliyopitishwa gizani. Na mawe ya kutengenezwa kiwandani hufanana mno na ya asili. Macho hayatoshi, yapelekwe kwa mtaalamu mwenye vyombo.

Tumalizie kwa habari ya pete mbili. Mwaka 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipokuwa ukifungwa, Papa Paulo wa Sita aliwapa maaskofu waliohudhuria pete za dhahabu zisizo na kito chochote. Miezi michache baadaye, tarehe 24 Machi 1966, Askofu Mkuu wa Canterbury, Michael Ramsey, alikuwa naye Roma katika kanisa la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Walipokuwa wakiagana, Papa alimwomba avue pete yake, kisha akamvika ile aliyokuwa akiivaa yeye mwenyewe, yenye zumaridi na almasi, aliyopewa na watu wa Milano alipokuwa askofu mkuu wao. Ramsey akatokwa na machozi. Aliivaa mpaka alipokufa mwaka 1988, na waliomfuata Canterbury wameivaa waendapo kumwona Papa. Pete ile imepita mikono ya watu wa Milano, ya Roma na ya Canterbury, wala hakuna aliyeinunua kwa ajili yake mwenyewe.

Vikundi vya nyumba kwa nyumba visome Esta 8 pamoja na Yakobo 2:1–4, kisha vijadili haya: mgeni mwenye pete ya dhahabu akiingia kanisani kwetu, huketishwa wapi? Na mchimbaji mwenye tope miguuni je? Wachimbaji wenyewe wajibu kwanza.