Umeme Kutoka Mto Mdogo

Ukikinga mkono chini ya maporomoko, maji huusukuma kwa nguvu. Nguvu hiyo inaweza kuwasha taa nyumbani kwako. Tuone jinsi inavyofanya kazi.

Kwanza, hujengwa banio mtoni. Banio huinua maji na kuyaingiza mferejini. Mchanga hutuama katika birika, na majani ya miti huzuiwa na wavu wa chuma. Kisha maji huingia katika bomba nene linaloteremka mlimani.

Chini ya bomba ipo nyumba ya mitambo. Humo maji hupiga mapanga ya gurudumu liitwalo turbini, nalo huzunguka kwa kasi. Turbini huzungusha jenereta. Ndani ya jenereta, sumaku huzunguka karibu na nyaya za shaba, na umeme huanza kupita katika nyaya hizo. Nyaya nyingine, zilizofungwa kwenye nguzo, huufikisha vijijini.

Je, maji yakishazungusha mtambo hayafai tena kwa mazao? Yanafaa. Umeme haukamuliwi kutoka ndani ya maji. Maji husukuma tu, kisha hurudi mtoni.

Umeme hutegemea mambo mawili: wingi wa maji na kimo yanakoteremkia. Tufanye hesabu. Lita 100 zikiteremka kila sekunde kutoka kimo cha mita 20, tunaweza kupata kilowati 10 hivi, yaani wati 10,000. Kama taa moja inatumia wati 10, zitawaka taa 1,000. Kiangazi lita zikipungua kuwa 50, zitawaka taa 500 tu.

Wilayani Mufindi, mkoani Iringa, mtambo wa mto Mwenga ulianza kazi mwaka 2012. Uwezo wake ni kilowati 4,000. Mtambo huo nao hutegemea maji ya mto.

Kwa hiyo, anayefyeka msitu kwenye chanzo cha mto anazima taa ya zahanati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tuilinde mipaka hiyo.

Maswali
1. Turbini huzungushwa na nini?
2. Lita zikibaki 25, zitawaka taa ngapi?
3. Mto wa kijijini kwenu una hali gani wakati wa kiangazi? Jadilianeni darasani.