Familia Mlimani: Mafunzo ya Hadithi ya Ngamia



Ndugu zangu, likizo ya Desemba inakaribia na wengi wetu tutarudi nyumbani. Napenda tuzungumzie safari ya familia: wazazi na watoto kutoka pamoja kwenda mlimani, ziwani au msituni, walau kwa siku moja, pasipo msiba wala harusi iliyowaita. Katika nyumba nyingi za Waislamu ninazozijua hapa Uganda, jambo hili huitwa mambo ya Wazungu. Baba yangu naye alisema hivyo, mpaka nilipomsomea hadithi moja tuliyofundishwa darasani.

Abu Dawud amepokea katika Sunan yake kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa kuhusu kutoka kwenda nyikani. Akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa na kawaida ya kutoka kwenda kwenye mikondo ya maji inayoteremka kutoka vilimani. Safari moja alimpelekea mkewe ngamia wa sadaka ambaye alikuwa bado hajazoea kupandwa, akamuusia awe mpole naye, kisha akaeleza uzuri ambao upole hukiletea kila kitu.

Riwaya hii haitaji vita wala biashara. Na lile somo la upole, ambalo wengi tunalitaja kwenye mawaidha bila kujua lilikotoka, hapa linatolewa katika maandalizi ya matembezi, mume akizungumza na mkewe juu ya mnyama msumbufu. Abu Dawud amepokea pia kwamba walishindana mbio wakiwa safarini, mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda, na baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, akashinda Mtume (s.a.w.).

Mwenzetu mmoja darasani aliuliza: mbona kuna hadithi inayosema anayeishi nyikani huwa mgumu wa tabia? Jibu limo katika neno lenyewe, kuishi. Kuhamia mbali na elimu na sala ya jamaa ni jambo moja; kwenda na kurudi ni jingine. Qur'ani yenyewe inatuamuru tutembee katika ardhi tutazame namna uumbaji ulivyoanza (Al-Ankabut, 20), na katika Al-Ghashiya inatuelekeza kwa ngamia, mbingu, milima na ardhi. Huwezi kuutazama mlima ukiwa umejifungia chumbani na simu.

Sisi wa Mbale tuna Mlima Elgon mlangoni. Tulikwenda Sipi, ambako maporomoko ni matatu na refu kuliko yote lina karibu mita 100. Baba ana duka. Hufungua alfajiri na kufunga usiku, kwa hiyo nyumbani huwa tunamwona amechoka tu. Mdogo wangu alikuwa ameacha masomo, na kwa miezi kadhaa wawili hao walikuwa wakisalimiana tu. Njia ya kushuka kwenye maporomoko inateleza. Mdogo wangu alimshika baba mkono tangu juu hadi chini, na baba akaanza kumsimulia jinsi alivyokuwa akichuma kahawa utotoni. Suala la masomo halikumalizika siku ile, lakini waliongea. Kwa maoni yangu, faida hiyo peke yake inatosha kulipia nauli.

Kuhusu fiqhi: kwa madhehebu ya Shafi, sala hupunguzwa safari ikifika takriban kilometa 80, na Sipi kutoka Mbale haifiki, basi salini kamili. Msikiti si lazima, kwani ardhi yote tumefanyiwa mahali pa kusujudu. Msichafue njia wala vivuli ambavyo watu hupumzika. Muslim amepokea onyo kali juu ya hilo, na chupa za plastiki nazo ni uchafu. Israfu pia tuiepuke: pilau ya nyumbani kwenye hotipoti inatosha, hoteli si sharti.

Chagueni miezi ya ukavu. Mlima huu huu uliporomoka Bududa Machi 2010 baada ya mvua kubwa, ukaua watu wengi.

Na mkiwa watatu au zaidi, mteueni kiongozi kama Sunna ilivyoagiza. Kwetu alikuwa baba, naye ratiba yote akamkabidhi mama. Tuliposali Alasiri tu, sote tulikuwa garini.