NAZI YA WAKFU NI YA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu wanafunzi, ukitoa nazi moja sadaka, nazi huliwa ikaisha. Ukiuweka mnazi wakfu kwa msikiti, mnazi hubaki na nazi huendelea kutoka. Hiyo ni sadaka yenye kuendelea, sadakatul jaariya.

Sayyidna Omar (R.A.) alipata shamba Khaybar, akamwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri. Akaelekezwa aizuie asili ya mali na atoe mazao yake. Basi shamba lile lisiuzwe, lisitolewe zawadi wala lisirithiwe. Mazao yake yakawa ya mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni. Msimamizi aliruhusiwa kula kwa wema, bila ya kujilimbikizia.

Unguja nako watu wameweka wakfu mashamba, minazi na nyumba, nyingi zikiwa Mji Mkongwe. Tume ya kuzisimamia iliundwa mwaka 1905. Leo kazi hiyo ni ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Sasa jiulize. Unatoka chuoni hapa Mkokotoni, unaikuta nazi imeanguka chini ya mnazi wa msikiti, na hapana anayekuona. Ni ya nani? Si yako, hata kama aliyeuweka wakfu ni babu yako, kwani wakfu haurithiwi. Ipeleke kwa msimamizi.

Na msimamizi naye asichukie kuulizwa hesabu. Watu wakikosa imani, nani ataweka wakfu tena?

Allah atujaalie kuwa waaminifu. Amin.