Fundi Cherehani na Kitambaa cha Mteja

Seremala akikata ubao vibaya, mara nyingi hasara ni ya ubao wake mwenyewe. Fundi cherehani sivyo alivyo. Kitambaa alichokishika kwa kawaida si chake. Ni mali ya mtu aliyeweka fedha kidogo kidogo mpaka akakinunua, naye amekileta akitumaini kukivaa arusini, kanisani au siku ya Idi. Kwa hiyo mtu atakaye kujifunza kazi hii yampasa ajue tangu mwanzo ya kuwa hatari kubwa haimo katika kushona bali katika kukata. Mshono uliokwenda upande hufumuliwa ukashonwa tena. Kipande kilichokatwa kifupi hakirefuki.

Watu wengi hudhani ya kuwa ustadi wote umo katika mashine, kumbe mashine ni chombo cha juzi tu. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1830, na mwaka uliofuata mafundi wa Paris wakaivamia karakana yake na kuvunja mashine, kwa hofu ya kupokonywa riziki. Elias Howe wa Marekani alipata hati yake mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851. Kabla ya hapo kanzu zote za pwani zilishonwa kwa mkono, na hata leo kofia nzuri ya Lamu hutiwa nakshi kwa sindano ya mkono.

Kazi huanza kwa futikamba. Mteja asimame kama asimamavyo siku zote, asijivute wala asizuie pumzi. Kwa shati hupimwa shingo, mabega, kifua, urefu wa mkono na urefu wa mgongo. Mwenye kifua cha inchi 36 hakatiwi shati la inchi 36, maana hataweza kuinua mikono. Huongezewa kama inchi 4 za nafasi, na juu ya hizo huongezwa kitambaa cha kuingia ndani ya mishono. Fundi mwanamume akimpima mwanamke, ni adabu mwanamke mwenyewe ashike futikamba mbele, naye fundi asome namba kwa nyuma. Vipimo vyote viandikwe katika daftari pamoja na jina na tarehe. Fundi anayejisifu kwamba hukumbuka vipimo vya watu kumi kichwani atamshonea mmoja wao suruali ya mwenzake.

Jambo la pili ni maji. Kitambaa cha pamba ambacho hakijapata kufuliwa, kama vile marekani na khaki, huweza kurudi kikitiwa majini. Ikiwa kitambaa hurudi sehemu 5 katika kila 100, suruali ya urefu wa inchi 40 itapungua inchi 2 baada ya kufuliwa, na mwenyewe atamlaumu fundi, tena kwa haki. Dawa yake ni nyepesi: kirowekwe, kianikwe, kipigwe pasi, ndipo kikatwe. Kwa nguo za shule ni vema pia kuacha pindo pana, ili nguo iteremshwe mtoto anapokua, mzazi asinunue nyingine mapema.

Tena kila kitambaa kilichofumwa kina njia zake. Nyuzi za mtande huenda kwa urefu, sambamba na ukingo. Nyuzi za mshindio hukatiza kwa upana. Kikivutwa kwa urefu hakinyooki sana, kwa upana hunyooka kidogo, na kikivutwa hanamu, yaani kutoka pembe hata pembe, hunyooka sana. Kwa sababu hiyo mguu wa suruali hukatwa kufuata mtande. Ukienda upogo utajisokota baada ya kufuliwa mara chache. Lakini ukanda wa kuzungushia shingo au kwapa hukatwa hanamu kwa makusudi, kwa maana ndio uwezao kufuata mviringo bila kukunjamana.

Mteja akiuliza, "Nilete yadi ngapi?" fundi naye aulize kwanza upana. Yadi 3 za kitambaa cha upana wa inchi 60 zina eneo sawa na yadi 5 za upana wa inchi 36. Hata hivyo eneo peke yake halitoshi. Kitenge chenye picha za ndege hutaka kitambaa zaidi, maana vipande vyote lazima vielekee upande mmoja, isije ndege wa mgongoni wakasimama kwa vichwa. Vipande vyote vipangwe juu ya kitambaa na kuchorwa kwa chaki kabla mkasi haujagusa hata kimoja.

Kuhusu bei, wengi hutazama ya jirani wakaishusha kidogo, bila kuhesabu uzi, vifungo, bitana, makaa au umeme wa pasi, kodi ya chumba na saa za kazi. Hivyo mtu huweza kushona mchana kutwa akapata hasara. Nguo za mitumba nazo zimeshusha bei za nguo mpya, lakini zimeleta kazi ya kupunguza na kurekebisha. Gikomba, Nairobi, wako mafundi walao kwa kazi hiyo.

Na itokeapo kitambaa cha mteja kimeharibika, mwenyewe aambiwe siku ile ile, kabla ya kufika siku ya kuvaa. Fundi akitaka kulipa kwa kununua kingine, asinunue kipande cha kuunga tu. Vitambaa viwili vya rangi moja vilivyotiwa rangi siku mbalimbali huweza kufanana ndani ya duka na kutofautiana juani. Yampasa anunue cha nguo nzima, au akichukue kile kilichobaki akakilinganishe nje mchana.